Nani Anachoma Mpira

Nyumbani kwa Celestine Nabalayo, kule Mamboleo, karata za Jumamosi jioni hazikufanyiwa mzaha. Sahani zilitolewa, meza ikapanguswa, na mumewe Griffins Ogola akazichanganya karata kwa madaha kama mtu anayetazamwa na uwanja mzima. Wachezaji walikuwa wale wale: Celestine, mumewe, binti yao Sheryl, na Shantel, mtoto wa dada yake Celestine aliyeletwa mjini kwa ajili ya shule. Aliyebaki na karata nyingi ndiye aliyeosha vyombo. Griffins alikuwa mwizi wa karata na kila mtu alijua, kwa hiyo nusu ya raha ya mchezo ilikuwa kumvizia.

Ndiyo maana jioni ile, karibu na Pasaka, alipoinua karata ya maua hewani asiishushe, wasichana walicheka.

"Baba anatafuta ujanja," Sheryl akasema.

Griffins hakujibu. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea ukutani, lakini hayakuutazama ukuta. Midomo ilikuwa ikitafuna kitu ambacho hakikuwemo kinywani. Mkono wa kushoto ulichunachuna kitambaa cha suruali pale gotini, polepole, kama mtu anayetoa uzi uliomchokoza. Kisha karata ikamponyoka. Akapepesa macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Zamu ni ya nani?"

Walicheka tena. Celestine naye alicheka, maana wasichana walikuwa wakimtazama. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amekaa mkabala na mumewe, na alikuwa ameona kwamba kwa kitambo kile, kwenye kile kiti, hapakuwa na mtu.

Celestine hakuwa mtu wa kuwaza mabaya. Alizaliwa Bungoma, akaja Kisumu akiwa msichana kumsaidia shangazi yake kuuza mitumba, na sasa alikuwa na kibanda chake cha nguo za watoto pale njia panda ya Mamboleo. Wateja walimpenda kwa sababu hakubishana sana. Mchana, kibanda kikiwa kimya, alifuma vitambaa vya viti, vya rangi ya maziwa na kahawia, na hakuna jamaa wa pande zote mbili ambaye hakuwa na kitambaa cha Celestine juu ya kochi lake. Jambo moja tu lilimtia hofu, nalo lilikuwa maji. Akiwa mdogo alimwona mwenzake wa darasani akichukuliwa na mto Nzoia, ndoo ikabaki ikielea. Tangu siku hiyo hakuwahi kuingia majini kupita vifundo vya miguu.

Kuolewa na Griffins, mtoto wa Usenge, kwa wavuvi wa ziwani, kulikuwa kichekesho kwa marafiki zake. Griffins aliuza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini moyo wake ulikuwa ziwani. Kila Jumapili baada ya kanisa alichukua ndoano zake akaenda Dunga, akakaa juu ya jiwe mpaka jua likapoa. Mara nyingi alirudi na ngege mmoja mdogo wa kumwonea huruma. Celestine alimkaanga huyo huyo, wakagawana, na Griffins akasimulia jinsi yule mkubwa alivyomponyoka.

Baada ya ile jioni ya karata Celestine alianza kutazama. Hakutaka, ila jicho likishaonyeshwa kitu halisahau. Alimwona mumewe akisimama na kikombe cha chai mlangoni, chai ikimwagika taratibu juu ya kiatu. Aliona, kanisani, watu wote wakikaa na yeye akibaki amesimama, akichunachuna shati. Na kabla ya kila tukio, kama hakuwa mbali naye, alimsikia akiuliza swali moja, kwa sauti ya mtu aliyekereka kidogo:

"Nani anachoma mpira?"

Hapakuwa na mtu aliyechoma chochote. Mara ya kwanza Celestine alitoka nje akanusa. Mara ya pili hakutoka. Aliacha alichokuwa akifanya, akaja kukaa karibu na mumewe, akangoja.

Alipomwambia waende hospitali, Griffins alikasirika, na hakuwa mtu wa hasira.

"Ni uchovu. Duka limekuwa na kazi."

"Baba Sheryl, uchovu haumfanyi mtu asimame na kumwaga chai."

"Nimesema ni uchovu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na usimwambie Seline. Tafadhali. Yeye usimwambie."

Seline alikuwa dada yake mkubwa, na ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mashua kutoka ng'ambo, mnunuzi wa dagaa wa omena pale Usenge, na kila likizo ya Agosti aliwakusanya jamaa wote ufukweni kwa siku chache. Walipiga mahema chini ya miti nje kidogo ya bandari ya wavuvi, wakachoma samaki, wakavutana kamba, watoto wakaigiza wahubiri na wanasiasa mbele ya wazee. Jamaa walitoka Nairobi na Nakuru kuja kushindana kuvuta kamba tu. Mwaka wote Sheryl na Shantel waliongea juu ya Agosti.

Mwaka huu Celestine alitafuta kila sababu ya kutokwenda. Hakuipata yenye uzito. Griffins alishakuwa na begi mlangoni, na juu ya begi, ndoano zake.

Walifika Usenge hewa ikiwa nzito na ziwa limelala kabisa. Maji yalikuwa yamepanda kuliko mwaka uliopita. Mti ambao walikuwa wakifungia kamba ya nguo sasa ulisimama majini hadi kiunoni, umekauka. Mbele yake kulikuwa na shamba zima la magugu maji, kijani kibichi, lililokuwa likisogea bila upepo unaoonekana. Asubuhi lilikuwa kushoto. Mchana lilikuwa limefika mbele ya mahema. Kutoka ndani yake, kila baada ya kitambo, kiboko alikoroma, na watu wakanyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo yao.

"Huyo ni jirani," Seline akasema. "Ukimheshimu, anakuheshimu."

Jioni ya kwanza, wakati wengine wakivutana kamba na kuanguka mchangani, Celestine alijikuta amekaa na Seline kando ya jiko, wakigeuza samaki. Hawakuwa marafiki. Katika miaka yote ya ndoa ya Celestine, Seline hakuwahi kumvunjia heshima, lakini pia hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na neno hilo lilikuwa na ubaridi wake.

"Mama Sydney," Celestine akaanza, akimwita kwa jina la mwanawe kama ilivyo heshima, "baba yenu alikuwa mgonjwa kabla ya kufa?"

Seline aligeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

"Baba hakuugua hata mafua. Alikufa maji."

"Kwa dhoruba?"

"Dhoruba gani? Ziwa lilikuwa limelala, kama hivi." Akaonyesha kwa kidevu. "Alitoka na mtu mmoja kwenye mashua. Mtu wa kwenu, anaitwa Wakhisi. Walivua pamoja miaka mingi, alikuwa anakula kwetu. Walitoka wawili, akarudi peke yake. Akasema Baba alisimama tu, akatembea, akaingia majini. Wewe unaweza kuamini hiyo?"

Celestine aliiona tena chai ikimwagika taratibu juu ya kiatu cha mumewe.

"Watu walifanya nini?"

"Kile watu hufanya. Nyumba yake ilichomwa. Alihama na mke wake na watoto." Seline akamtazama sasa, kwa muda mrefu. "Mimi sina chuki na mtu. Lakini ndugu yangu alipoleta msichana kutoka upande huo, nilikaa na hiyo kitu hapa," akagusa kifua, "na iko hapo mpaka leo."

Usiku ule, hemani, Celestine hakufumba macho. Alijua alichokuwa amekisikia. Alijua pia kwamba akikisema, Seline hangemwamini, na Griffins angeona amesalitiwa. Aliamua asubuhi atazungumza na mumewe peke yake, amwambie habari za Wakhisi, amshike mkono warudi Kisumu kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi Griffins alikuwa mzima kuliko alivyokuwa kwa miezi. Alicheka, akabeba watoto mabegani, akaiba samaki kutoka sahani ya dada yake. Kila Celestine alipomkaribia, mtu mwingine alikuwa ameshamvuta. Na mchana ukafika, naye akatangaza kwamba anawapeleka Sheryl na Shantel kuvua kwa ndoano, pale karibu tu, kwenye mawe ambapo ndege weusi walikuwa wakikausha mabawa. Mashua ndogo ya makasia ilikuwa imeshavutwa hadi ukingoni. Wasichana walikuwa wameshavaa jaketi za kuelea, zile mbili pekee zilizokuwepo.

"Wasiende," Celestine akasema.

Wote wakageuka.

"Kwa nini?" Griffins akauliza. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini macho yalimwomba.

Celestine alitafuta neno. Jamaa wa Nairobi walikuwa wakimtazama, jamaa wa Nakuru, watoto, na Seline akiwa na mikono kiunoni.

"Kuna kiboko."

"Kiboko yuko upande ule mwingine," Seline akasema. "Nyar Bungoma, maji hayaumi mtu hivi hivi. Waache watoto wafurahi."

Wasichana walikuwa wameshapanda. Griffins akashika kasia. Na Celestine, ambaye hakuwahi kuingia majini kupita vifundo vya miguu, akakunja sketi yake, akatembea mpaka maji yakamfika magotini, akaingia mashuani kwa mikono na magoti kama mtoto mchanga. Ufukweni watu wakapiga makofi na vigelegele. Walidhani ni sehemu ya burudani ya siku hiyo.

"Mama!" Sheryl akasema, amefurahi mno. "Leo umekuwa Mjaluo kamili."

Celestine alikaa katikati ya mashua, ameshika ubao kwa mikono yote miwili, akimtazama mumewe akipiga makasia. Mgongo wake ulikuwa na nguvu. Ufuo ukawa mdogo, watu wakawa rangi tu, sauti zao zikakatika. Maji yalikuwa ya kijani mazito kama uji, hayana hata kunyanzi. Karibu na mawe Griffins akaweka makasia ndani ya mashua, akamfundisha Shantel kutia chambo, akarusha ndoano yake mwenyewe. Walingoja samaki. Magugu maji yalikuwa yakija upande wao, ukingo wake ukipapasa mawe.

"Nani anachoma mpira?" Griffins akauliza.

Sheryl akacheka. "Baba, nani atachoma mpira ziwani?"

Celestine alishaacha ubao. Alitambaa juu ya miguu ya wasichana, akafika kwa mumewe, akautoa uzi wa ndoano mkononi mwake. Vidole havikumzuia. Vilikuwa vimeshaanza kuchuna kitambaa cha suruali.

"Shantel, Sheryl, kaeni chini kabisa. Upande ule. Msisimame hata mkiona nini."

Akapitisha mkono ndani ya mshipi wa mumewe, akaukunja mpaka ukamkata kiganja. Na Griffins akasimama, bila haraka, kama mtu aliyesikia hodi na anakwenda kufungua mlango. Akainua mguu, akavuka ukingo wa mashua, akashuka.

Mashua ililala upande. Maji yakaingia, ya baridi, yakamfika Celestine tumboni, na kwa kitambo alidhani wamekwisha wote. Kisha wasichana waliojilaza upande wa pili wakairudisha. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mshipi. Bega lilitoa mlio aliousikia ndani ya kichwa chake. Griffins alikuwa chini ya maji, akitazama juu, macho wazi, midomo ikitafuna maji yale. Hakupigana. Hilo ndilo Celestine aliloliota kwa muda mrefu baadaye, kwamba hakupigana hata kidogo.

Alijilaza juu ya ukingo, akashika kola kwa mkono wa pili, akavuta mpaka uso ukatoka. Akautia mkono wake chini ya kidevu. Hakuweza kumpandisha. Aliweza kumshika tu.

"Sheryl, piga kelele. Shantel, chukua kasia, tusukume tutoke kwenye haya magugu."

Sheryl alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Magugu yalikuwa yameshaizunguka mashua, na ndani yake, si mbali, yule kiboko alikoroma, mara moja, kwa sauti nene iliyotetemesha mbao. Shantel alisukuma kwa kasia akilia bila sauti. Na Celestine, uso wake karibu na uso wa mumewe, aliwaza wazo ambalo hakulitaka: tumetoka wawili na watoto, na nikirudi bila yeye, nani ataamini?

Griffins alirudi kwa ghafla. Alikohoa, akaona maji pande zote, akaanza kupigana, na sasa ndipo alipotaka kuwazamisha wote.

"Mimi ni Celestine," akamwambia sikioni. "Baba Sheryl, ni mimi. Uko ziwani. Nimekushika. Shika ubao. Shika hapa."

Alirudia maneno yale yale mpaka vidole vyake vikapata ubao vikashika.

Sydney, mwana wa Seline, fundi wa injini za mashua, ndiye aliyewafikia. Alikuwa bandarini, akasikia kelele, akaja na mashua ya injini moja kwa moja juu ya magugu. Yeye na mwenzake walimpandisha Griffins kama gunia. Celestine hawakuweza kumnyoosha vidole. Waliukata mshipi, wakambeba na kipande chake kikiwa bado kiganjani.

Ufukweni vigelegele vilikuwa vimekwisha. Seline aliwasubiri akiwa ndani ya maji hadi mapajani, lesso imelowa. Alimtazama ndugu yake, kisha akamtazama Celestine.

"Umemfanya nini ndugu yangu?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na upole huo ulitisha kuliko kama angepiga kelele. Nyuma yake wanaume wawili watatu wa bandarini walisogea karibu. Celestine alifungua kinywa, meno yakagongana.

"Shangazi," Sheryl akasema kwa ile sauti iliyopasuka, "Baba alisimama tu. Alitembea, akaingia majini. Mama alikuwa amemshika kabla hajasimama."

Seline alisimama pale pale. Kitu kilipita usoni mwake, na Celestine alikiona kikipita. Kisha akageuka, akawafukuza wale wanaume kwa mkono, akavua lesso yake ya juu akamfunika nayo wifi yake mabegani.

Hospitalini Kisumu daktari aliwaonyesha picha ya kichwa cha Griffins na doa dogo jeupe upande mmoja. Akasema ni kifafa, na kwamba si kila kifafa humwangusha mtu chini na kumtoa povu. Kingine humchukua mtu akiwa amesimama, humtembeza, hata humnusisha harufu zisizokuwepo. Akawapa dawa. Akauliza kama kuna mwingine katika ukoo.

"Hakuna," Seline akajibu haraka.

Walipotoka akaketi kwenye benchi la korido na mkoba wake mapajani. Watu walipita na foleni ikasonga. Celestine, mkono mmoja umefungwa bendeji, alikaa kando yake.

"Baba alikuwa analalamika juu ya harufu," Seline akasema mwishowe. "Alikuwa anasema Mama anaunguza maziwa. Mama hakuwa ameweka maziwa jikoni. Tulikuwa tunamcheka." Akafungua mkoba, akaufunga. "Wakhisi alitoa ushuhuda wake mbele ya kila mtu, Celestine. Alipiga magoti. Na mimi nilikuwa pale, msichana mkubwa, nikashangilia moto."

Celestine aliitazama bendeji yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina lake kinywani mwa mwanamke yule, na hakuweza kulifurahia.

Seline alimtafuta Wakhisi. Ilichukua muda, kupitia kwa wanunuzi wa samaki wa Port Victoria, naye alikuwa amekufa zamani. Mjane wake alikubali kupokea simu. Alimsikiliza Seline mpaka mwisho, akamwuliza kama amemaliza, na aliposema ndiyo, simu ikakatwa. Seline hakupiga tena. Agosti iliyofuata hakuna aliyewaita jamaa Usenge, na hakuna aliyeuliza.

Griffins anameza dawa zake asubuhi na jioni. Hakai tena juu ya jiwe la Dunga. Jumapili anasikiliza mpira redioni, na Sheryl hukaa naye, kwa zamu na Shantel, bila kuambiwa. Dawa zinasaidia, ingawa hazijamaliza. Zipo siku nyingi nzuri, hata wiki nzima, anapocheka na kuiba nyama kwenye sahani za watoto mpaka mtu angesema yameisha.

Celestine huyasikia hayo kutoka jikoni, mikono yake ikiwa ndani ya karai. Husikia redio, husikia mumewe akibishana na mtangazaji. Kisha sauti ya mumewe inakoma na redio inaendelea peke yake. Celestine hufunga bomba, akasimama na mikono inayochuruzika maji, akitega sikio.